Maswali na majibu: Kisu cha kwanza cha kambini na cha uani

Wengi mmeuliza juu ya visu visivyokunjwa. Nayajibu machache.

Nina shilingi elfu mbili. Nataka kisu kimoja cha kupigia kambi Menengai na kukatia ua wa michongoma nyumbani. Ninunue kipi? (Kijana wa Njoro)

Kijana wangu, michongoma iachie panga. Ukitaka kisu kiweze ua, utanunua kizito kisichoweza hata kumenya kiazi. Tafuta chenye bapa la sentimita 10 hadi 12, unene wa milimita 3 hivi. Kisha chunguza mpini, maana hapo ndipo visu vya bei nafuu huharibikia: chuma kipite ndani yake hadi mwisho, na ukiweza kukiona ukingoni ni vizuri zaidi. Kilichoishia karibu na shingo hukatika ukikibana kwa nguvu. Mora, chapa ya visu vya Uswidi, zinasifiwa ingawa nyingi hazifikishi chuma mwisho wa mpini, na sifa hizo ni za haki, kwa kuwa ni nyepesi na zinanoleka upesi. Ila usizitwishe kazi ya shoka.

Pindua ala juu chini uitikise. Kisu kikidondoka, kirudishe kwa muuzaji. Na usimalize pesa zote. Bakisha za jiwe la kunolea, kwa sababu kisu butu hukulazimisha kusukuma kwa nguvu, na kikiteleza kinakutafuta mkono.

Fundi wa jua kali hapa Kibuye anataka kunitengenezea kisu cha springi ya lori. Mume wangu anapendelea kile cha dukani chenye msumeno mgongoni na dira kwenye mpini. Nimsikilize nani? (Mama wa Kondele)

Mama, msikilize fundi. Mpini uliotobolewa ili kuwekwa dira na viberiti hauna nafasi ya chuma, kwa hiyo bapa hushikiliwa na nati tu. Nao ule msumeno, meno yake ni manene mno. Hukwaruza tawi badala ya kulikata.

Springi ina kaboni ya kutosha, hivyo hukubali kufanywa ngumu: hupashwa moto hadi iwe nyekundu, huzimwa kwenye mafuta, kisha hupashwa tena kidogo isije ikavunjika kirahisi. Fundi akiruka hatua hizo, umenunua chuma laini chenye umbo la kisu. Kabla ya kulipa, omba tupa uiburute taratibu kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimeiva. Ikiuma na kuacha chengachenga, bado. Akiwa anamalizia kwa grainda baada ya kukizima, usibanduke. Makali yakigeuka rangi ya bluu, joto limezidi na ugumu wa hapo umepotea. Mwombe akichovye majini kila mara.

Kisu changu kinashika kutu kila nikitoka msituni. (Msomaji wa Kakamega)

Hicho ni cha chuma cha kaboni, na kwa mvua za kwenu sishangai. Kipanguse, kikaushe, kipake mafuta kidogo ya kupikia, na usikilaze ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hutunza unyevu. Kama wewe ni mtu wa kusahau, kinachofuata kiwe cha chuma kisichoshika kutu. Hunoleka kwa taabu zaidi, lakini huku kwetu magharibi ningekichagua hicho.

Naweza kupasulia kuni kwa kukigonga mgongoni? (Msomaji wa Molo)

Kama chuma kimepita hadi mwisho wa mpini, ndiyo. Gonga kwa kipande cha mti, kamwe si kwa jiwe wala nyundo. Kuni iwe nyembamba kuliko urefu wa bapa ili ncha ibaki nje upate pa kugonga, na isiwe na fundo. Ukiwa kwenye hifadhi, muulize askari wa wanyamapori kuni utazipata wapi kabla ya kugusa tawi lolote.

Kwenye matatu nikiweke wapi? (Huyohuyo wa Molo)

Kikiwa ndani ya ala, kifunge kwa kitambaa ukiweke chini kabisa ya begi, pamoja na hema na sufuria. Kamwe kisikae kiunoni. Polisi wakikagua kwenye kizuizi, waambie mapema kwamba kimo na unakoelekea.