Kabla ya Kununua Bakteria wa Chupa, Walishe Walio Shambani Mwako

Kijana mmoja anayelima kokoa upande wa Kilombero ameniandikia, na baada ya "shikamoo mama" na salamu za nyumbani ameniuliza kama anunue dawa ya maji ambayo muuzaji anadai imejaa bakteria hai wa kuongeza mavuno. Nimemjibu kwamba asubiri kwanza. Jibu hilo linahitaji maelezo, na kwa kuwa wengi mnaonisoma mnakitaka kile ninachokitaka mimi, yaani shamba ambalo wajukuu watalirithi likiwa bado linazaa, nitayatoa kwa kirefu.

Shamba langu liko Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mahali ambapo mvua haina haya, na mikokoa yangu imesimama katikati ya migomba. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa usafi, hivyo majani yote yaliyoanguka yalifagiwa na kuchomwa, na shamba lilisifiwa na kila aliyepita njiani. Nilipobaki peke yangu niliacha kufagia. Katika kikao cha ukoo shemeji zangu walisema kwamba shamba la marehemu limegeuka pori, na mmoja wao akapendekeza nitafutiwe mtu wa kunisaidia kulisimamia, maneno ambayo mjane yeyote anajua yanaelekea wapi. Sijayasahau. Siku hizi watu walewale wanakuja kwangu kuomba miche, nami ninawapa, ingawa siwaachi waondoke bila kuwakumbusha kile kikao.

Mambo yanayofanyika chini ya majani hayo nisiyoyafagia ni haya. Ukisogeza majani makavu ya juu utakuta ya chini yamelainika, yameshikana, yana harufu ile ya ardhi iliyonyeshewa, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na bakteria wa jamii ya Streptomyces. Ukiinua tabaka hilo taratibu, utaona mizizi myembamba ya mkokoa imepanda kutoka ardhini na kuingia ndani ya majani yenyewe, na ukiung'oa mmoja na kuutikisa, chembe za udongo zitabaki zimeung'ang'ania. Ukanda huo mwembamba unaouzunguka mzizi ndio ambao mwanasayansi wa Kijerumani, Lorenz Hiltner, aliuita raizosfia mwaka 1904. Mzizi humwaga humo sukari na asidi za amino zilizotengenezwa na majani, na bakteria hukusanyika kwa wingi kuliko katika udongo ulio mbali kidogo, kwa sababu chakula kimo humo.

Nao hawali bure. Katika udongo wenye tindikali, kama ule unaooshwa na mvua nyingi, fosforasi hushikwa na madini ya chuma na aluminiamu kiasi kwamba mti hauwezi kuifikia hata ikiwapo. Bakteria wa jamii za Pseudomonas na Bacillus hutoa asidi zinazoifungua. Wengine, kama Azospirillum, huvuta naitrojeni kutoka hewani, tena wapo wanaotengeneza homoni inayoufanya mzizi utoe matawi mengi zaidi. Baadhi yao hunyakua chuma kabla vimelea havijakipata, na hutoa kemikali zinazovidhoofisha, jambo lenye uzito kwetu kwa kuwa kimelea kiitwacho Phytophthora palmivora, inayoozesha matunda yetu yakawa meusi, hujificha udongoni na kurukia matunda ya chini pamoja na matone ya mvua. Tabaka la majani lenyewe hupunguza kuruka huko.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mkokoa umetokea misitu ya Amazon, chini ya miti mirefu, juu ya majani yanayooza, na anayeufagilia na kuuchomea moto anaunyima kile ulichozaliwa nacho. Acheni kuchoma. Acheni majani yabaki yalipoanguka. Maganda ya kokoa msiyarundike chini ya miti, kwa maana yenye ugonjwa yatausambaza. Yafanyeni mboji, iive vizuri, kisha irudi shambani, kwa sababu maganda hayo yamebeba potasiamu nyingi. Pandeni glirisidia kwa ajili ya kivuli, kwani mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wa naitrojeni na majani yake huoza upesi. Na nimesema msichome. Ninarudia kwa makusudi, kwa sababu kila msimu nauona moshi.

Kuhusu dawa za ukungu zenye shaba, zinazopulizwa dhidi ya uozo huo wa matunda, sikatazi mtu kuzitumia, lakini shaba ni metali, haiozi. Kinachodondoka kutoka kwenye matunda hujikusanya katika udongo wa juu, palepale ilipo mizizi midogo na bakteria wake, na kikizidi huwaua. Anzeni kwa kuchuma na kuyatoa shambani matunda yaliyooza, kupunguza matawi ili hewa ipite, ndipo mpulize, tena mpulize tunda na si ardhi. Wapo wanaopuliza kila kitu hadi ndala zao, kisha wanalalamika kwamba udongo umechoka.

Nirudi kwenye chupa. Sisemi kwamba bakteria wa kununua ni uongo, maana watafiti wa Marekani walichukua Bacillus cereus kutoka kwenye nyanya na viazi, wakawaweka kwenye mikokoa, nao wakaishi humo na kupunguza makali ya Phytophthora. Bacillus hujifungia ndani ya ganda gumu na kuvumilia ukame, lakini wengi wa jamii nyingine hufa kwa joto, na chupa niliyoiona mimi ilikuwa juani mnadani, lebo imepauka, haina jina la bakteria wala tarehe ya mwisho ya matumizi. Hata walio hai hawatadumu katika ardhi iliyofagiwa, kwa kuwa hawana cha kula.

Kwa hiyo, mwanangu wa Kilombero, kama roho bado inakusukuma, jaribu kitaluni, ambako mizizi ni michanga na bakteria wenyeji bado ni wachache. Muulize muuzaji jina la bakteria, wangapi wako hai kwa kila mililita, na chupa imehifadhiwa wapi. Upe bakteria hao mstari mmoja wa viriba, yaani mifuko ya miche, na mstari wa jirani usiupe kitu, udongo uwe uleule, maji yaleyale na kivuli kilekile, kisha wakati wa kuhamisha miche ukate kiriba kimoja kutoka kila upande, uoshe mizizi na kuilinganisha kabla hujatoa hela ya chupa ya pili.