Kwa nini manowari ing'olewe kipuri ili nyingine isafiri?

SWALI: Nimesikia kwamba mafundi wa destroya (manowari kubwa za kivita) za Marekani hung'oa vipuri kwenye meli iliyo matengenezoni na kuvifunga kwenye inayotaka kuondoka. Jeshi tajiri kama lile linakosaje spea? Na injini ikifa baharini, meli si imekwisha?

JIBU: Ndugu msomaji, injini ndiyo isikutie wasiwasi. Destroya za daraja la Arleigh Burke zina turbini nne za gesi aina ya LM2500, mbili kwa kila shafti, yaani mhimili unaozungusha propela. Moja ikifa, meli hupungua kasi tu. Hata kuitoa kulishapangwa kwenye michoro: mafundi hufunga reli, huivuta turbini hadi chini ya njia ya hewa, kreni ikainyanyua na kuitolea juu. Bamba la meli halikatwi. Tena ni jamii moja na injini ya ndege ya CF6, na majeshi mengi ya majini yanaitumia, kwa hiyo vipuri vyake vina soko.

Kinachotutesa ni vidude vidogo. Chukua sili ya pampu ya maji ya chumvi, yaani kizibo kinachozuia maji yasivuje pale shafti ya pampu inapopita. Ni pete mbili zilizobanana, moja inazunguka na shafti, nyingine imetulia, na nyuso zake zimesuguliwa zikawa laini kama kioo. Chembe moja ya mchanga ikiingia kati yake wakati wa kufunga, pampu itavuja. Pampu yenyewe ikisimama, mitambo ya ubaridi inakosa maji ya kuipoza, na rada inayoitegemea mitambo hiyo itabidi izimwe.

Sasa kwa nini sili hiyo isinunuliwe popote? Kwa sababu pampu ya manowari hujaribiwa ivumilie mshindo wa mlipuko chini ya maji, na kipuri chake lazima kiwe kilekile kilichoidhinishwa. Meli ya kwanza ya daraja hili iliingia kazini 1991; tangu hapo wapo watengenezaji waliofunga kiwanda au kuacha kutoa mfano huo. Kipuri kina namba yake ya tarakimu 13 kwenye orodha ya NATO, lakini namba haijazi rafu. Na ghala la ndani ya meli hupangwa kwa kuangalia kinachoharibika mara kwa mara, kwa hiyo kisichotarajiwa kuharibika huenda kisiwemo kabisa.

Hapo ndipo watu hung'oa. GAO, wakaguzi wa Bunge la Marekani, walieleza mwaka 2023 kwamba tabia hii imeongezeka. Mimi siipendi: kazi ya saa chache inafanywa mara mbili, na sili iliyokwisha kushika umbo la shafti moja mara nyingi haikai sawa kwenye nyingine. Ningeikubali pale tu meli inayotoa ina miezi mingi ya kukaa chelezoni, na oda ya kipuri kipya imefunguliwa siku hiyohiyo kwa jina la meli hiyo inayotoa. Oda ikichelewa kuandikwa, meli hiyo itamaliza matengenezo ikiwa na pengo ambalo hakuna aliyelipangia bajeti.