Noti tatu na treni ya Kamina

*Papa Mwalimu, jambo. Napuliza saksofoni ya alto katika fanfari ya kanisa letu huku Katuba, Lubumbashi, huu mwaka wa tatu. Karatasi nasoma bila shida. Lakini Jumamosi tukikutana na vijana wa gitaa na kinanda, wakaanzisha bluzi na kuniambia "chukua solo", mimi nabaki kutoa macho. Gamu ya bluzi, yaani ngazi ya noti zake, nimejifunza, naipanda na kuishuka, ila wenzangu wanasema nasikika kama mtu anayefagia ngazi. Tena mpiga gitaa wetu kila siku anataka tucheze kwenye Mi, na hapo vidole vyangu vinafungana kabisa. Nianzie wapi?*
*Mpiga alto, Katuba*

Mwanangu, tumalize kwanza habari ya Mi, maana hapo unateseka bure. Alto ni ala ya Mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu sauti: wewe ukipuliza do, watu wanasikia mi bemoli. Kwa hiyo gitaa likiwa Mi, wewe unatupwa kwenye Do diezi, gamu yenye diezi saba, yaani noti saba zilizopandishwa nusu sauti. Hata mtu aliyepuliza miaka ishirini hapendi kuanzia huko. Mwambie ndugu yako wa gitaa afunge kapo, kile kibano cha nyuzi, kwenye nafasi ya kwanza ya shingo ya gitaa, kisha aendelee kushika Mi yake anayoipenda, vidole vilevile. Itakayotoka ni Fa. Kama hana kapo, kipande cha penseli na ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli vinatosha. Sisi ndivyo tulivyofanya na gitaa kavu, na nyuzi hazikulalamika.

Wakiwa Fa, wewe uko Re. Sasa tazama vidole vyako. Re ya chini ni vidole sita. Fa ni vine, sol ni vitatu, la ni viwili, do ni kimoja. Noti zote hizo ziko upande mmoja wa saksofoni, hugusi kidude cha oktavi kinachopandisha sauti, huvuki ule mpaka wa do na re ya juu ambapo mkono mzima unashuka kwa mara moja na wanafunzi wote wanajikwaa. Ndiyo maana mimi nawaanzisha wa alto kwenye Re. Charlie Parker naye, mpiga alto aliyezaliwa Kansas City, alirekodi mwaka 1945 bluzi ya Fa inayoitwa *Now's the Time*. Itafute uisikilize, maana sehemu kubwa ya wimbo wenyewe ni kijisentensi kimoja kifupi kinachorudi na kurudi. Mtu aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko wote wa siku zake aliona kijisentensi kimoja kinatosha kuanzia.

Hapo ndipo penye ugonjwa wako. Wewe una gamu lakini huna neno la kusema.

Nikuambie nilikolipata mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tulialikwa kupuliza kwenye kilio, hapa Lubumbashi, kwetu commune ya Kenya. Usiku katikati tukapumzika. Bibi mmoja akaingia, akasimama mlangoni, akaita jina la marehemu. Akanyamaza. Akaliita tena, sauti ileile, ila mwisho wake ukashuka kidogo. Uwanja mzima ukanyamaza. Mara ya tatu hakuliita. Alisema: "Sasa nani atanifungulia mlango?" Basi. Mimi nilikuwa nimeshika alto yangu magotini, na saa nzima kabla ya hapo nilikuwa nimemwaga noti kama mvua ya Januari, na hakuna hata mtu mmoja aliyegeuka kunitazama.

Sisemi bluzi imetoka Katanga. Ilizaliwa kwa Weusi wa kusini ya Marekani, na ni yao. Lakini ubeti wake umejengwa hivyohivyo alivyosema yule bibi: mstari, mstari uleule tena, halafu mstari wa tatu unaojibu. Ukisikia bluzi inaimbwa, utahesabu vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. Vinne vya kwanza mtu anasema, vinne vya katikati anarudia, vinne vya mwisho anajibu. Wewe solo yako ifuate njia hiyo.

Weka alto chini kwanza. Sema kwa mdomo, huku mguu unapiga:

Treni ya Kamina haijafika.
Treni ya Kamina haijafika.
Na bukari niliyobeba imeshapoa.

Kila mtu wa mji huu aliyewahi kusubiri pale stesheni na bukari yake, yaani ugali, anaijua hiyo habari. Sema mpaka mwendo wake ukae mwilini. Halafu uinue alto, uupulize mstari wa kwanza kwa noti tatu tu, re, fa na sol. Tre-ni-ya: re, re, re. Ka-mi-na: fa, sol, fa. Ha-i-ja: fa, fa, re. Fi-ka: fa, re. Usibadilishe mwendo wa maneno hata kidogo. Yatakuchukua vipimo viwili. Vipimo viwili vinavyobaki, nyamaza.

Narudia kuhusu kunyamaza kwa sababu najua hutanitii. Utaona hewa imebaki, utaogopa, utaijaza. Usiijaze. Hapo ndipo gitaa linakujibu, hapo ndipo msikilizaji anapata nafasi ya kujiuliza, "Haijafika, halafu?" Kwenye kanisa lenu mwimbishaji akianza, si anaacha nafasi watu waitikie? Akiimba yeye moja kwa moja, watu watafanya nini? Watatazama saa.

Mstari wa pili ni uleule, noti zilezile. Sasa nikuonyeshe kitu ambacho kingenipunguzia miaka kama mtu angeniambia mapema. Kwa vidole vyako wewe wa alto, akodi, yaani noti zinazopigwa pamoja na gitaa, zinakwenda hivi: vipimo vinne vya Re, viwili vya Sol, viwili vya Re, kimoja cha La, kimoja cha Sol, viwili vya Re kufunga. Akodi ya Re ndani yake ina fa diezi. Akodi ya Sol, tukiipiga na ile noti yake ya saba ya bluzi, ina fa ya kawaida. Kwenye alto tofauti ya hizo mbili ni kidole tu: fa ni kidole cha shahada cha mkono wa kulia, fa diezi ni cha kati. Basi katika vipimo vinne vya kwanza, fanya ile fa ya "fika" ianze kama fa halafu ipande haraka kwenye fa diezi kabla ya kuanguka kwenye re. Ukifika kipimo cha tano, sema sentensi ileile lakini fa ibaki fa, wazi, bila kupanda. Hata ukiwa peke yako chumbani bila gitaa, atakayekuwa nje dirishani atasikia akodi imegeuka. Kidole kimoja!

Tena iko fa nyingine ambayo haimo kwenye karatasi. Iko kati ya fa na fa diezi, na ndiyo sauti ya yule bibi mlangoni. Shika fa diezi, kisha legeza taya kidogo kama mtu anayetaka kusema "oo", noti itateremka nusu ya njia. Chini inakuwa ngumu, kwenye oktavi ya juu inakubali zaidi. Fanya pole pole, kila siku dakika chache, mpaka mdomo ujue wenyewe mahali inapokaa.

Mstari wa tatu, wa bukari iliyopoa, uanzie juu. Anza do, shuka la, sol, fa, ufike re kwenye kipimo cha 11. Njia ya kushuka uichague mwenyewe, hapo sitakushika mkono. Mradi kwenye La usikae na do kwa muda mrefu, maana akodi hiyo ina do diezi na zitakwaruzana. Pita tu.

Noti uliyobaki nayo ya gamu ni sol diezi. Hiyo ni pilipili. Ipitie ukitoka sol kwenda la, au ukirudi. Ukiilalia, chakula chote kitawasha.

Kwa mazoezi, mwombe mpiga gitaa akurekodie kwenye simu mizunguko kumi ya Fa, mapigo 80 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni sekunde 36, kumi ni dakika 6. Mizunguko mitatu ya kwanza usipulize kabisa, imba kwa mdomo. Mitatu inayofuata, treni ya Kamina kama nilivyokupa. Minne ya mwisho, tafuta sentensi yako mwenyewe kutoka kwenye maisha yako: deni la duka, mvua iliyotoboa bati, msichana asiyejibu simu. Lakini iwe sentensi ambayo mtu anaweza kuisema kwa pumzi moja. Wiki mbili hivyo, na noti zisizidi tano. Usipande huko juu kwanza.

*Papa Mwalimu, mimi nina saksofoni ya tena, ile kubwa kuliko alto, niko Bukavu. Mafunzo yako daima ni ya alto. Sisi wa tena twende wapi?*
*Mpiga tena, Bukavu*

Ndugu yangu, pole, una haki ya kulalamika. Lakini leo una bahati. Tena ni ala ya Si bemoli, kwa hiyo wenzako wakicheza Do, wewe uko Re. Maana yake kila kitu nilichomwambia kijana wa Katuba, vidole, treni na pilipili, unakichukua kama kilivyo. Badilisha jambo moja: usiwaambie wenzako "Fa", waambie "Do". Mpiga gitaa hatahitaji penseli wala mpira. Shida itakuja siku mkiwa alto na tena pamoja. Wakiwa Fa, wewe utahamia Sol, na gamu yako itakuwa sol, si bemoli, do, do diezi, re, fa. Hapo utavuka mpaka kati ya do diezi na re: toka kwenye vidole wazi kabisa, ingia kwenye sita pamoja na oktavi. Zoeza hizo noti mbili peke yake kama mtu anayefungua na kufunga mlango, kabla hujazitia kwenye solo.

Na kwa kuwa una tena mkononi, sikiliza Verckys Kiamuangana alivyopuliza na OK Jazz ya Franco, kabla hajaunda orchestre yake ya Vévé mwaka 1969. Siyo bluzi, ni rumba yetu. Lakini jifunze kwake sauti nzito yenye mchanga ndani, inayosikika kama mtu anayesema.

*Mwalimu, jambo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeanza alto mwaka huu. Mwenzangu mmoja ameniambia bluzi haitoki bila mwanzi namba 3, kile kipande chembamba kinachotetemeka mdomoni mwa saksofoni. Ni kweli? Tena huu wa kwangu tangu kiangazi kianze umejikunja kama jani.*
*Msomaji, Kamalondo*

Mama, baki na namba 2, au 2 na nusu. Mwanzi laini unakubali kupindishwa, na bluzi karibu yote ni kupindisha. Namba 3 itakuchosha mdomo na noti zitakataa kuteremka. Utakuja kuipanda taratibu mdomo ukipata nguvu, hakuna mbio.

Kuhusu kujikunja, ni ukavu wa hewa yetu ya kuanzia Mei mpaka Septemba. Usiuache kwenye saksofoni ukimaliza kupuliza. Utoe, upanguse, uulaze juu ya kipande cha kioo, upande wa bapa chini. Kesho uloweke kwenye kikombe cha maji dakika mbili tatu kabla ya kuufunga, kisha uubonyeze kwa kidole gumba juu ya kioo mpaka ulale sawa. Uwe na mianzi mitatu, uizungushe, mmoja kila siku. Huo uliojikunja usiutupe, uloweke kwanza. Mara nyingi unarudi.