Skripti inatuma au inatumia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Masaka, naandika mwongozo wa mfumo wa chama chetu cha akiba na mikopo. Nimeandika, kuhusu skripti yetu (programu ndogo inayojiendesha): "Kila mwisho wa mwezi skripti inatumia wanachama barua pepe kwa tokeni, haitumi nywila." Mwenzangu anasema sentensi imepinda. Imepinda wapi?

JIBU: Marahaba. Imepinda kwanza kwenye "inatumia wanachama". "Tuma" ikinyambuliwa kuwa "tumia" hubeba maana mbili: kumpelekea mtu kitu, na kufanyia kitu kazi. Hapa kinachotuokoa ni kiambishi cha yambwa, -wa-: "inawatumia wanachama barua pepe". (Usikatie sentensi kwenye "wanachama" lakini, maana chama kitaonekana kinawanyonya watu wake.) Kosa hili nalikuta sana kwa wasemaji wa Kiganda, wala silishangai. Wao wana okuweereza kwa kupeleka na okukozesa kwa kutumia, na nomino ikishatajwa hawadai kiambishi.

Sasa "haitumi nywila". Haitumi, yaani haipeleki. Haitumii, yaani haina kazi nayo. Irabu moja tu! Katika OAuth 2.0, utaratibu wa kuipa programu ruhusa bila kuipa nywila, mwenye akaunti huingia mwenyewe kwenye kivinjari, akaidhinisha, skripti ikapewa tokeni, yaani msimbo wa muda unaothibitisha ruhusa hiyo; nywila haiijui kabisa. Kwa hiyo "haitumii" ndiyo inayokamilisha maana. Kwa tokeni mambo ni tofauti: skripti huitumia na pia huituma, kwa kuwa seva ya barua huipokea ndani ya AUTH XOAUTH2, amri ya kujitambulisha kwa seva. Ukiandika "haitumi tokeni" utakuwa umempotosha fundi atakayekuja baada yako.

"Kwa tokeni" nako kumelegea. Barua husafiri kwa SMTP, itifaki ya kutuma barua pepe; tokeni ni ya kujitambulisha tu. Ningeandika: "Kila mwisho wa mwezi skripti huwatumia wanachama barua pepe, ikijitambulisha kwa seva kwa tokeni, haitumii nywila." Nimeweka hu- kwa sababu ni jambo la kila mwezi.

Na kwenye kumbukumbu za mfumo, barua "imetumwa", mwanachama "ametumiwa". "Barua imetumiwa" itasomeka kama imeshafanyiwa kazi.

Ongeza maelezo mafupi chini ya neno tokeni. Msomaji wa Uganda atawaza tarakimu za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zinazoingizwa kwenye mita mara moja zikaisha kazi. Tokeni ya skripti hutumika tena na tena hadi muda wake ukwishe, kwa Google kwa kawaida saa moja, kisha skripti huomba nyingine kwa tokeni ya kuhuisha (refresh token), iliyotunzwa kwa kazi hiyo.