Mwanangu, uliniuliza nangoja nini Marsabit

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya tatu usiku wa manane umeme uliporudi. Umeniuliza hivi: "Mama, umestaafu, kiinua mgongo umepata, nyumba ya Likoni ipo. Huko Marsabit wangoja nini?" Sikukujibu kwa simu kwa sababu kwa simu hunikatiza. Kwenye karatasi huna budi kunisikiliza mpaka mwisho.

Najua ukisikia kaskazini unaona mchanga, ngamia na jua. Mchanga upo, lakini huo uko chini kule jangwani Chalbi. Mji wetu uko mlimani, na mlima wenyewe umesimama peke yake katikati ya nyika kavu kama kisiwa. Hivi ninavyoandika ni saa mbili asubuhi, nimevaa sweta mbili, na lango langu silioni kwa ukungu. Huko msituni miti imefuga ndevu, na ukipita chini yake unadondokewa na matone ilhali mvua haijanyesha. Ajabu ni kwamba pamoja na unyevu wote huo, maji ya mfereji hutoka yakitaka yenyewe. Tunanunua ya kubebwa na punda, jerikeni kwa jerikeni. Hapa mtu akikuamkia anakuuliza kwanza kama kuna amani, "Nagaa?", kisha anawaulizia mifugo wako. Mimi hujibu kuwa kuku wangu wote watano hawajambo, na hilo hulipokea kwa heshima zote.

Kisa cha ndovu nilikuficha, maana ungenipandia basi siku ile ile. Ilikuwa ule ukame mkubwa, misimu mitano ya mvua ilipopita bila mvua ya maana, ndovu wakawa wanashuka kutoka msituni mpaka kwenye nyua za watu. Usiku mmoja nikasikia kama mtu anaburura jamvi. Nikachungulia dirisha la jikoni, nikadhani jirani ameegesha lori lake vibaya. Lile lori likapumua. Mkonga ukapapasa tangi langu toka juu hadi chini, polepole, ukafika pale paipu inapoungana, ukanusa, ukatulia, kisha ukavuta mara moja tu. Lita elfu moja, niliyajaza juzi yake! Akainama akayanywa yaliyotuama chini, bila haraka, nami nasikia tumbo lake linavyonguruma. Mkononi nilikuwa na debe na mwiko, tayari kupiga. Sikupiga. Majirani walipiga ya kwao, akaondoka zake kupitia mahindi ya mwalimu mwenzangu. Paipu niliyonunua baadaye nimeifukia.

Unamkumbuka Ahmed? Nilikuja likizo nikakupeleka Makumbusho ya Taifa Nairobi, una miaka tisa, ukamkuta yule ndovu wa sanamu uani na pembe zake zinakaribia kugusa ardhi. Uliniuliza kwa nini wamemwacha juani. Yule wa kweli alikuwa wa huku kwetu, wa msitu huu huu ninaouona ukungu ukiachia. Mwaka 1970 Mzee Kenyatta alitoa amri ya rais asiguswe, akawekewa walinzi mchana na usiku, na mwaka 1974 akafa kifo chake mwenyewe. Wazee hapa humtaja kama mtu aliyekuwa jirani yao. Mmoja aliniambia Ahmed alikuwa na adabu kuliko madereva wa siku hizi.

Sasa nakuja kwenye swali lenyewe. Mwezi wa kwanza wa kustaafu nilikuwa nikiamka saa kumi na moja, navaa, halafu nakaa kitandani na mkoba mapajani. Jirani yangu, mama wa Kiborana mwenye wajukuu wengi kuliko viti, akaniona. Yeye husuka gorfa. Gorfa ni chombo cha kuhifadhia maziwa, kimesukwa kwa nyuzi za mizizi anayoichimba mwenyewe, akaikwangua na kuiloweka mpaka ilainike. Kitu cha kusukwa, kishike maziwa! Nami binti wa Pwani, niliyelelewa na ukili, ule msuko wa mikeka wa bibi yako, nikajiambia hii kazi ni ya wiki moja.

Mwanangu, niliaibika. Ukili wetu huenda kwa urefu, unasuka pima baada ya pima, ukikosea unafumua kidogo unaendelea. Gorfa huanzia kitakoni na kupanda kwa kuzunguka. Unatoboa kwa msharasi, unapitisha uzi, unakaza, unatoboa tena, na kosa la mzunguko wa tatu hulioni mpaka wa thelathini, wakati chombo kizima kimeshaanza kuinama upande kama mlevi. Vidole vyangu vilitoka malengelenge mahali ambapo ukili haujawahi kunigusa. Ya kwanza ilinichukua miezi minne. Nikampelekea. Akaitia maji, akaiweka juu ya kigoda, akaendelea na mazungumzo kana kwamba hakuna mtihani wowote. Tone la kwanza lilitoka kabla chai haijapoa. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio, akasema: "Hii ni ya vitunguu." Ndiyo ninayowekea vitunguu hadi leo.

Ya pili imeshika. Haijashika vizuri, lakini imeshika. Huwa inafukizwa, unatia ndani kijinga cha mti wenye harufu nzuri, unafunika, kama sisi tunavyofukiza nguo kwa udi, na maziwa yanayokaa humo hutoka na harufu ile ya moshi. Wewe hutaipenda chai yake siku ya kwanza.

Mengine ninayofanya ni ya kupitisha siku. Jumamosi kijana wa jirani hunipeleka kwenye visima vilivyo upande wa Hulahula. Wanaume hushuka kisimani wakasimama mmoja juu ya mwenzake, ndoo zinapanda mkono kwa mkono, na kazi yote inakwenda kwa wimbo, ng'ombe juu wanangoja zamu yao. Nyimbo hizo naziandika, kwa Kiborana na kwa Kiswahili changu, niko daftari la tatu. Ualimu haustaafu, hata ukipewa cheti.

Mwaka jana nilikwenda Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Barabara inapita mitambo ya umeme wa upepo, 365, ninyi mjini mnapika kwa upepo wa huku na hamsemi asante. Kule ziwani huo upepo haulali. Nikashuka garini, na kitu cha kwanza nilichokiona ni mkoma. Mkoma, mwanangu, ule ule ambao bibi yako alikuwa akitukatia miyaa ya majamvi! Wanawake wa Kiturkana walikuwa wamekaa chini yake wanasuka vikapu. Nikaomba kuti, nikachana, nikakaa mchangani nikaanza ukili wa njia saba. Wakaacha kazi zao. Mmoja akauchukua, akaupima kwa mkono wake, kiwiko hadi kidole, akaukunja akautia kikapuni mwake bila kuniomba. Nimefurahi sana kuibiwa.

Najua swali lako lina jingine chini yake, na umelibeba tangu una miaka sita. Nilipoletwa hapa 2001, nilipanda lori Isiolo, juu ya magunia ya unga, kwenye msafara wa polisi, siku nzima na nusu ya usiku. Nilimwambia bibi yako nishikie mtoto miaka miwili. Mwaka wa pili ulipoisha nilipewa nafasi ya kuomba uhamisho. Fomu niliijaza, nikaiweka kwenye droo, haikutoka. Wewe uliambiwa mama amenyimwa uhamisho. Mimi ndiye niliyesema hivyo. Nilikuja kwa sababu ya mshahara, nikakaa kwa sababu nilipapenda, na hiyo sababu ya pili sikuthubutu kukuambia mtoto wangu. Bibi yako aliijua. Hakunilaumu hata siku moja, na nafikiri ingekuwa afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo singoji kitu, mwanangu. Naishi huku. Likoni nitakuja mfungo wote na sikukuu, na chumba cha nyuma usikipangishe. Lakini kwanza njoo wewe. Lori hakuna tena, ni lami mpaka Moyale. Unapanda treni hadi Nairobi, kisha basi la usiku, alfajiri unashuka hapa na baridi inakupiga. Ukiwa na hasira, njoo nazo, tutazungumza. Leta na koti zito, si lile la kwendea harusi.

Na ukipita sokoni, nichukulie ukindu, matita mawili. Mmoja mweupe, mmoja wa rangi nyekundu. Ule wa zambarau usiuchukue, unachuja. Jirani yangu anataka nimfundishe mkeka, na safari hii mimi ndiye nitakayecheka.

Mamako