Nimenunua bikoni iliyotumika, naijaribuje?

SWALI: Habari za kazi. Mi nina boti ya abiria Ziwa Tanganyika, inatoka Kibirizi, Kigoma, kwenda vijiji vya kusini mpaka karibu na Mahale, na huko sehemu nyingi simu haishiki kabisa. Jamaa mmoja wa Dar kaniuzia bikoni ya dharura, kile kifaa cha kuita waokoaji, EPIRB ya njano, nimemlipa nusu. Nataka niiwashe dakika moja tu nione kama inafika setelaiti. Sawa? (Mwenye boti, Kibirizi)

JIBU: Kaka nakuomba usiiwashe! Ikiwaka tu inatuma ishara kwa masafa ya 406 MHz, setelaiti za Cospas-Sarsat (mfumo wa kimataifa wa uokoaji) zinaidaka na waokoaji wanaanza kazi, hawana namna ya kujua kwamba we unajaribu. Tafuta kitufe kilichoandikwa TEST, ndo cha kujaribia, fuata kijitabu chake. Na nyingi ukizitoa kwenye kishikio zikalowa zinajiwasha zenyewe, kwa hiyo usiitupe chini botini kwenye maji ya dagaa. Ikitokea imejiwasha, izime upige simu kituo cha uokoaji Dar hapohapo, usikae kimya kwa kuogopa.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni usajili. Kwenye kibandiko chake kuna namba yenye herufi na tarakimu 15, hiyo ndo inayofika kwa waokoaji, wanaifungua kwenye rejista wanakuta jina, simu na aina ya chombo, halafu wanapiga. Sasa kama bado ipo kwa jina la aliyekuuzia, kusi limevuma usiku, mmepinduka na abiria wako, simu inaita kwa jamaa wa Dar amelala kwake, anawaambia mi nipo nyumbani hakuna shida. Muda unaopotea hapo ni wa watu walioshikilia madumu majini jamani!

Nenda TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) iandikishwe kwa jina lako, boti yako, na simu ya mtu anayebaki nchi kavu akijua safari zako. Uliza pia ilinunuliwa nchi gani, maana ndani yake kuna namba ya nchi, ya kwetu ni 674 (Zanzibar 677), ikiwa ya kwingine fundi anayeruhusiwa aibadilishe. Betri ina tarehe ya mwisho ubavuni, isome.

Hiyo nusu iliyobaki usimpe kwanza mpaka akuletee karatasi za usajili.