Walithibitisha, walihakiki au walilinganisha?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu setilaiti zinazopima halijoto ya angahewa. Niliandika: "Wanasayansi walithibitisha vipimo vya setilaiti kwa data za maputo ya hali ya hewa." Mhariri amefuta "walithibitisha", akaweka "walilinganisha". Tena anadai setilaiti haipimi joto, inalikadiria tu. Je, yuko sahihi?

JIBU: Kwa lile la kwanza ana hoja, ingawa neno alilochagua halitoshi. La pili sikubaliani naye.

"Thibitisha" hubeba matokeo tumboni. Madai yakishathibitishwa, hakuna anayeuliza tena kama ni ya kweli. "Hakiki" haitoi hukumu mapema: vyeti vikihakikiwa, vingine hugundulika ni vya kughushi, na bado tunasema vimehakikiwa. "Linganisha" ni kuweka kitu kando ya kingine uone vinapofanana na vinapoachana, basi.

Tofauti hiyo katika habari yako si ndogo. Mwaka 1990 wanasayansi Roy Spencer na John Christy walitoa takwimu za halijoto kutoka setilaiti, zikianzia mwishoni mwa 1978, na kwa miaka kadhaa kule kukubaliana kwake na maputo kulitumiwa kama hoja ya kuziamini. Mwaka 1998 Frank Wentz na Matthias Schabel wakaonyesha kwamba setilaiti zilikuwa zikishuka polepole kwa kukwaruzana na hewa nyembamba ya juu, na kushuka huko kukaonekana kwenye takwimu kama upoaji. Mwaka 2005 likaibuka kosa jingine: marekebisho ya mabadiliko ya saa ambazo setilaiti hupita juu ya mahali yalikuwa na alama ya kinyume katika tropiki, yaani palipotakiwa kujumlisha palitolewa au kinyume chake. Mwaka huohuo maputo nayo yakakutwa na lake. Jua la mchana lilikuwa likipasha moto vifaa vya zamani; vifaa vilipoboreshwa, joto hilo la uongo likapungua, na takwimu zikaficha sehemu ya ongezeko la kweli. Yaani shahidi naye alikuwa na dosari. Ukiandika "walithibitisha" kwa miaka ile ya 1990, umetoa hukumu ambayo baadaye ilitenguliwa.

Hapo ndipo vineno "kwa" na "na" vinapofanya kazi kubwa kuliko umbo lao. Ukihakiki kitu *kwa* kingine, hicho cha pili ndicho rula. Ukilinganisha kitu *na* kingine, vyote viwili viko mezani, chochote kinaweza kuonekana kimepinda. Mimi ningeandika: "Walihakiki vipimo vya setilaiti kwa kuvilinganisha na data za maputo." Lengo limetajwa, njia imetajwa, na mshindi hajatangazwa.

Tuje kwenye kupima. Ni kweli setilaiti haigusi hewa. Hupokea mawimbi ya maikrowevu yanayotolewa na oksijeni, kisha halijoto ya tabaka nene la hewa hukokotolewa kutokana na nguvu ya mawimbi hayo. Lakini hata kipimajoto cha zebaki hakioni joto. Kinaonyesha zebaki imetanuka kiasi gani, na hakuna anayesema muuguzi amekadiria homa ya mgonjwa. "Kadiria" ina harufu ya kubahatisha. Sema "hupima", na ukitaka kueleza hatua kwa hatua, sema "hukokotoa".

Kuna mtego ambao nyote wawili hamkuutaja, nao unanisumbua zaidi: "kipimo" ni chombo cha kupimia na pia ni matokeo ya kupima. "Vipimo vya setilaiti vilikuwa na kasoro" ni vifaa au ni tarakimu? Katika kisa hiki jibu ni muhimu, maana kwa maputo kasoro ilikuwa kwenye kifaa, ilhali kwa setilaiti mengi yalikuwa kwenye hesabu. Chombo kiite "kifaa", na "vipimo" viwe tarakimu. Puto lenyewe, kwa kweli, halipimi chochote. Linabeba tu kile kifaa kinachoning'inia chini yake.

Na umefanya vizuri kuandika "halijoto" badala ya "joto". Kilomita kumi juu, hewa huwa na nyuzi hasi 50 hivi. "Joto la hasi 50" linasomeka kama mzaha.